Sura ya Nne: Majuto ya Ashoka

Katika mwaka wa nane tangu atawazwe, Mfalme Ashoka wa Magadha alipeleka jeshi lake Kalinga, nchi iliyopakana na Ghuba ya Bengal katika eneo ambalo leo ni jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Ilikuwa karibu mwaka 261 K.K. Alishinda. Mpaka hapo hakuna geni. Wafalme wa enzi zile waliingia vitani kila mvua zilipokatika na njia zikakauka. Geni ni alilolifanya baada ya ushindi. Aliamuru maneno yachongwe kwenye miamba ya himaya yake, yakieleza kwamba katika vita vile watu 150,000 walitolewa makwao kwa nguvu, 100,000 waliuawa, na wengine wengi kuliko hao wakafa baadaye, na kwamba yeye mwenyewe aliyeshinda anajuta.

Hakuishia kwenye idadi. Alieleza kwamba katika nchi inayotekwa wanaishi watu wanaowatii wazazi wao na wakubwa wao, wanaowatendea vema rafiki, jamaa, watumwa na vibarua. Kwamba watu wa namna hiyo hujeruhiwa, huuawa, au hutenganishwa na wawapendao. Hata yule aliyepona, akasema, huumia kwa sababu rafiki zake wameumia. Kisha akaongeza kwamba leo hii, ikiwa hata sehemu moja ya mia au ya elfu ya watu wale ingepatwa na yaliyowapata, moyo wake ungelemewa.

Wafalme wa Ashuru walichonga kwenye kuta za makasri yao picha za mateka wakichunwa ngozi. Darius wa Uajemi alijichonga kwenye jabali la Behistun akiwa amemkanyaga mpinzani wake kifuani. Katika mawe yote ya kale sijui mfalme mwingine aliyeshinda vita, akiwa bado na nguvu zake zote, akahesabu maiti ili aonyeshe hatia yake badala ya utukufu wake. Fundisho lililomfikisha hapo lilikuwa limeshazunguka mabonde ya India kwa vizazi kadhaa, likibebwa na watu wenye vichwa vilivyonyolewa na bakuli la kuombea chakula. Ili tulielewe, inatubidi turudi nyuma, kwenye udongo lilikoota.

Udongo wenyewe ni bonde la mto Ganga. Kuanzia karibu mwaka 600 K.K. bonde hili lilibadilika kwa kasi. Mpunga ulizaa sana katika ardhi yake yenye maji. Majembe na mashoka ya chuma yaliangusha misitu. Miji ikaota kando ya mito: Varanasi, Kaushambi, Shravasti, Vaishali, Rajagriha. Vipande vya fedha vilivyogongwa mihuri vikaanza kutumika kama sarafu. Maandiko ya Kibuddha yanataja dola kubwa 16 katika zama hizo, na kila moja ililitazama shamba la jirani yake kwa uchu. Kati ya zote, Magadha, katika jimbo la leo la Bihar, ndiyo iliyobahatika zaidi. Kusini mwake kulikuwa na vilima vyenye madini ya chuma. Misitu yake ilikuwa na tembo wa kufunzwa vita. Ganga na vijito vyake vilikuwa barabara za biashara na za jeshi.

Mfalme wake Bimbisara aliipanua kwa ndoa na kwa vita. Kwa mujibu wa mapokeo ya Kibuddha, mwanawe Ajatashatru alimfunga gerezani na kumuua kwa njaa, kisha akakalia kiti chake. Ajatashatru huyo ndiye aliyejenga ngome katika kijiji cha Pataligrama, pale mito inapokutana, apate kuwashambulia Wavajji wa ng'ambo. Kijiji kile baadaye kilikuwa Pataliputra, mji mkuu wa himaya. Leo unaitwa Patna.

Wavajji hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa shirikisho la koo, na mambo yao yaliamuliwa katika mabaraza. Maandiko yanasimulia kwamba Ajatashatru alimtuma waziri wake kwa Buddha, aliyekuwa mzee wakati huo, kumpasha habari ya mpango wa kuwavamia. Buddha hakumjibu waziri moja kwa moja. Alimgeukia mwanafunzi wake Ananda na kumwuliza kama Wavajji bado wanakutana mara kwa mara, wanaamua kwa umoja, wanawaheshimu wazee wao na hawawateki wanawake kwa nguvu. Ananda akakubali kila jambo. Basi, akasema Buddha, maadamu wanafanya hivyo watastawi. Waziri akaondoka ameelewa kwamba Wavajji hawashindiki vitani, ila kwa kufitinishwa. Na kwa fitina ndivyo, kwa mujibu wa simulizi, walivyoangushwa. Buddha akawakusanya watawa wake, akawaagiza waishi kwa masharti yaleyale ya mabaraza. Ile jumuiya iliyodumu hadi leo, sangha, ilijengwa kwa mfano wa serikali ndogo ndogo zilizokuwa zikimezwa na wafalme.

Na yeye mwenyewe alitoka katika mojawapo. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, katika Nepal ya leo, miongoni mwa Washakya, ukoo ulioongozwa na baraza la wazee chini ya kivuli cha dola ya Kosala. Hadithi za baadaye zilimfanya baba yake, Suddhodana, kuwa mfalme mkuu mwenye makasri matatu, moja kwa kila msimu. Inaelekea zaidi kwamba alikuwa mmoja wa wakubwa wa ukoo. Mama yake, Maya, alifariki siku saba baada ya kumzaa, akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Akaoa, akapata mtoto wa kiume, Rahula, na akiwa na miaka 29 akaaga nyumbani usiku, akanyoa nywele, akajiunga na watu wa kutangatanga.

Watu hao walikuwa wengi, na hilo ni muhimu. Miji mipya na vita vipya vilikuwa vimevuruga maisha ya zamani, na kafara za Wabrahmana, makuhani wa jadi, hazikuwatosha wote. Misituni na kwenye viunga vya miji walijaa watu waliouliza maisha ni ya nini. Mahavira, mwalimu mkuu wa Wajaini, aliishi zama hizohizo. Walikuwapo waliodai kwamba kila kitu kimeshapangwa na juhudi ni bure, na waliosema hakuna chochote baada ya kifo. Siddhartha alijifunza kwa walimu wawili, kisha akajitesa kwa njaa mpaka, maandiko yanasema, aliposhika tumbo aligusa uti wa mgongo. Baada ya miaka sita aliiacha njia hiyo, akala, akaketi chini ya mti wa jamii ya mkuyu mahali panapoitwa sasa Bodh Gaya. Alipoinuka alikuwa na miaka 35 na jina jipya, Buddha, yaani aliyeamka. Akatembea hadi Sarnath, karibu na Varanasi, akawatolea wenzake watano wa zamani hotuba ya kwanza. Kwa miaka 45 iliyobaki hakukaa mahali pamoja ila wakati wa mvua. Alifariki akiwa na miaka 80, Kushinagar, baada ya kuugua tumbo kufuatia chakula alichokaribishwa na fundi wa vyuma aitwaye Cunda. Watafiti wa zamani walikiweka kifo hicho karibu mwaka 483 K.K.; wengi wa leo wanakisogeza mbele, karibu na 400 K.K.

Alichokisema Sarnath kinaweza kuandikwa kwenye kiganja cha mkono, na watu wamekaa miaka elfu mbili na zaidi wakikifafanua. Wabuddha wenyewe hupenda kumlinganisha na tabibu, na mfano huo unafaa. Kwanza anautaja ugonjwa: maisha yamechanganyika na mateso. Si maumivu ya wazi tu kama kuzaliwa, kuugua, kuzeeka na kufa, bali pia ule upungufu unaobaki ndani ya raha yenyewe, kwa kuwa unajua itaisha. Pili anataja chanzo: kiu ya nafsi, kutaka kupata, kutaka kuwa, kutaka kisichopendeza kiondoke. Tatu anatoa habari njema kwamba ugonjwa unaponyeka. Chanzo kikikauka, mateso hukoma. Nne anaandika dawa, njia yenye sehemu nane.

Njia hiyo si ya kutafakari peke yake, kama wengi wanavyodhani wanapoona sanamu ya mtu aliyefumba macho. Inaanza na kuona mambo yalivyo na kuwa na nia njema. Inapita katika kauli: kuacha uongo, umbea na maneno ya kuchoma. Inapita katika matendo na katika riziki. Muumini wa kawaida anakatazwa biashara ya silaha, ya binadamu, ya nyama, ya vileo na ya sumu. Ndipo inafika kwenye juhudi, uangalifu wa akili na utulivu mkuu wa moyo. Mtu wa nyumbani, asiye mtawa, hushika ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Ahadi ya kwanza haina mipaka ya binadamu. Inamhusu kila chenye uhai.

Chini ya haya yote kuna mtazamo mmoja unaogusa kila kitu: hakuna kinachodumu. Mlima, mti, himaya, mwili, hata mawazo ya mtu, vyote ni mkusanyiko wa sehemu zilizokutana kwa sababu fulani na zitakazoachana kwa sababu nyingine. Kutoka hapo Buddha akafika mahali ambapo walimu wenzake wengi hawakuthubutu. Alisema hata ile nafsi tunayoiita "mimi" haina kiini cha kudumu. Kuna mwili, kuna hisia, kuna utambuzi, kuna misukumo ya nia, kuna fahamu. Ukivitafuta vyote hivyo kimoja kimoja humkuti mwenye mali aliyejificha nyuma yake. Hata hivyo matendo yana matokeo, na matokeo hayo huvuka kifo na kuingia katika uzao mwingine. Alichosisitiza ni nia: tendo lisilokusudiwa halifungi kama lililokusudiwa. Mwisho wa safari ni nirvana, kuzimika kwa moto wa tamaa, chuki na ujinga, na mzunguko wa kuzaliwa tena kukoma.

Kwa msomaji aliyelelewa katika dini ya Mungu mmoja, gumu zaidi huwa nafasi ya Mungu katika fundisho hili. Buddha hakukana kuwapo kwa miungu ambayo Wahindi wa wakati wake waliijua. Aliiweka tu ndani ya mzunguko uleule: nayo huzaliwa, hufurahi muda mrefu mno, kisha hufa. Hakuna Muumba wa kuombwa msamaha, na hakuna wa kumwokoa asiyetembea mwenyewe. Lakini mtu asidhani kwa hiyo kwamba ni fundisho baridi. Kuna simulizi ya kale ya mama kijana, Kisa Gotami, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee. Akaibeba maiti nyongani, nyumba hata nyumba, akiomba dawa. Watu walimcheka, mpaka mmoja akamwelekeza kwa Buddha. Buddha hakumwambia kwamba mtoto amekufa. Alimwambia akamletee punje za haradali, kiungo kinachopatikana katika kila jiko, ila zitoke katika nyumba isiyowahi kufiwa. Mama akaenda mbio. Katika mlango wa kwanza walimpa haradali, akauliza, wakamjibu kwamba baba mwenye nyumba amefariki. Wa pili, binti. Wa tatu, walikuwa hawawezi kuwahesabu. Jua lilipotua alikuwa amesikia misiba ya mji mzima. Akampeleka mwanawe makaburini, kisha akarudi, na akaomba kupokewa kuwa mtawa. Hakuna aliyemhubiria. Aliachwa agundue kwa miguu yake kwamba maumivu yake yamemfanya ndugu wa kila mtu, na mimi nadhani huruma yote ya Ubuddha imekaa katika simulizi hiyo kuliko katika vitabu vizito vya nadharia vilivyofuata.

Sasa turudi kwa wafalme. Mwaka 326 K.K. Alexander wa Makedonia alivuka mto Indus, lakini alipofika mto Beas askari wake wakagoma kusonga mbele. Habari za majeshi na tembo wa bonde la Ganga ziliwatisha. Miaka michache baadaye, karibu 321 K.K., Chandragupta Maurya aliuangusha ukoo wa Nanda uliotawala Magadha, akaanzisha himaya iliyokuja kuenea kutoka Afghanistan hadi karibu ncha ya kusini ya India. Seleucus, jemadari aliyerithi upande wa mashariki wa milki ya Alexander, alijaribu kurudisha maeneo ya Indus. Mwishowe walikubaliana: Seleucus aliachia ardhi, akapewa tembo 500, na tembo hao wakamsaidia kushinda vita vyake magharibi.

Balozi wa Seleucus, Megasthenes, aliishi Pataliputra na kuandika aliyoyaona. Kitabu chake kimepotea, lakini waandishi wa Kigiriki na Kirumi walinukuu sehemu zake. Alisema mji ulizungukwa na ukuta wa mbao wenye minara 570 na malango 64, na handaki la maji mbele yake. Kwa muda mrefu wengi walidhani ametia chumvi, mpaka wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua Patna vipande vya boma la magogo makubwa yaliyozikwa kwenye tope kwa zaidi ya miaka 2,000.

Namna dola ya aina hiyo ilivyofikiri twaipata katika Arthashastra, kitabu cha utawala ambacho jadi inampa Chanakya, mshauri wa Chandragupta, ingawa sehemu zake nyingi zilikusanywa baadaye. Ni kitabu cha hesabu za kodi, migodi, vipimo vya masoko, adhabu na upelelezi. Kinashauri kwamba wapelelezi wajifanye wafanyabiashara, wakulima, wajane na, zaidi ya wote, watawa. Mtu mwenye kichwa kilichonyolewa angeweza kupita mlango wowote bila kuulizwa, na dola ililijua hilo. Himaya hiyo ndiyo Ashoka aliyoirithi kwa baba yake Bindusara, akatawazwa karibu mwaka 268 K.K.

Masimulizi ya watawa yanamwita Ashoka wa ujanani mtu katili aliyewaua ndugu zake 99 na kujenga gereza la mateso. Siyaamini. Katika maandishi yake mwenyewe, miaka mingi baada ya kutawazwa, anazitaja nyumba za kaka na dada zake kuwa chini ya uangalizi wa maofisa wake. Watawa walihitaji kumpaka masizi ya kutosha ili uongofu wake ung'ae. Ukweli ni wa polepole zaidi na wa kuaminika zaidi. Katika andiko moja la mapema anakiri kwamba alikuwa mfuasi wa Buddha kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na kwamba mwaka wa kwanza hakujitahidi sana. Ndipo akaikaribia sangha na kuongeza bidii. Aliteka nchi, akaona yaliyotokea, na fundisho alilokuwa amelishika kwa ulegevu likamshika yeye.

Maandishi yake ni ya kipekee kwa sababu yanasikika kama mtu anayeongea. Anasema zamani jikoni mwake waliuawa wanyama mamia ya maelfu kila siku kwa ajili ya mchuzi. Sasa wanauawa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku, na hata hao watatu hawatauawa siku zijazo. Mfalme mwongo angesema amekwisha kuacha. Yeye anaeleza kwamba bado yuko njiani. Mahali pengine anawaagiza watoa habari wamfikie wakati wowote, awe anakula, awe na wake zake, awe bustanini, kwa kuwa hajawahi kuridhika na kazi aliyoifanya. Anataja tiba ya watu na ya wanyama aliyoipeleka ndani ya himaya na hata ng'ambo ya mipaka, mitishamba iliyopandwa mahali isikokuwapo, visima vilivyochimbwa barabarani, na miti ya kivuli na miembe iliyopandwa kwa ajili ya wasafiri na mifugo.

Andiko ambalo ningependa kila mwanasiasa alisome ni lile la kumi na mbili, linalohusu dini za watu. Ashoka anasema mtu auzuie ulimi wake, asiisifu dini yake na kuidharau ya mwingine pasipo sababu. Anayeidharau ya mwingine kwa mapenzi ya dini yake mwenyewe anaidhuru yake zaidi. Alitoa mapango ya kuishi kwa Waajivika, wale waliodai juhudi ni bure, ambao Buddha aliwapinga vikali.

Jambo moja huwashangaza wengi wanapoyasoma maandishi haya kwa mara ya kwanza: neno analolitaja daima ni dhamma, lakini zile kweli nne za hotuba ya Sarnath hazimo, njia ya sehemu nane haimo, nirvana haimo. Dhamma ya Ashoka ni kuwatii wazazi, kuwa mkarimu kwa watawa na Wabrahmana, kutoua, kusema kweli, kuwatendea vema watumwa. Anayefanya hayo ataingia mbinguni. Yeye binafsi alikuwa Mbuddha bila shaka. Alizuru Lumbini, akasimamisha nguzo pale na kuwapunguzia wanakijiji kodi hadi sehemu moja ya nane, na aliwaandikia watawa barua kupendekeza mafundisho saba ya kusomwa. Lakini kwa himaya yenye lugha na dini nyingi alichagua sehemu ya fundisho ambayo kila mtu angeweza kuikubali bila kubadili dini. Huko Kandahar, katika Afghanistan ya leo, aliitangaza kwa Kigiriki na Kiaramu.

Kuna mpaka ambao majuto yake hayakuuvuka, na haki inatutaka tuutazame. Karibu na mji wa Bhubaneswar, katika Kalinga yenyewe, kuna mwamba wa Dhauli, na juu yake imechongwa sehemu ya mbele ya tembo akichomoza kutoka kwenye jiwe. Pale yapo maandishi ya Ashoka, ila andiko la majuto halipo. Limeachwa. Mahali pake kuna barua mbili kwa maofisa wa Kalinga, zikisema kwamba watu wote ni watoto wake, na kwamba kama anavyowatakia wanawe heri ya dunia hii na ya ijayo ndivyo anavyowatakia wote. Zinawaonya maofisa wasimfunge mtu wala kumtesa bila sababu, na kuagiza zisomwe hadharani siku maalumu. Kwa maoni yangu ilikuwa siasa: ni rahisi kukiri damu mbele ya watu wa mbali kuliko mbele ya yatima. Na Kalinga haikurudishiwa uhuru wake. Katika andiko lilelile la majuto anawakumbusha watu wa misituni kwamba, pamoja na toba yake, nguvu za kuadhibu anazo. Adhabu ya kifo haikufutwa. Aliyehukumiwa alipewa siku tatu ili ndugu zake waombe rehema au ajiandae kwa ulimwengu ujao. Siku hizo tatu zina uzito wake, lakini baada yake mnyongaji alikuja.

Sisemi hivi kumshusha. Fundisho lililozaliwa kama njia ya mtu kuondoka katika dola lilikuwa limekaa kwenye kiti cha dola, na dola haiwezi kuacha vyote kama mtawa. Ashoka alijaribu kuishi katikati, na maandishi yake ni kumbukumbu ya jaribio hilo, na ya pale lilipokwama.

Himaya haikudumu. Ashoka alifariki karibu mwaka 232 K.K., na karibu mwaka 185 K.K. mfalme wa mwisho wa ukoo wa Maurya, Brihadratha, aliuawa na jemadari wake Pushyamitra alipokuwa akikagua jeshi. Fundisho lenyewe lilikuwa limeshaondoka. Jadi ya Sri Lanka inasimulia kwamba Mahinda, mwana wa Ashoka, ndiye aliyelipeleka kisiwani, na dada yake Sanghamitta akaleta mche wa ule mti wa Bodh Gaya. Mti ulioota kutokana nao bado unatunzwa Anuradhapura. Wasinhala wa kisiwa hicho wameibeba dini yao kila walikokwenda kutafuta kazi, hata Dar es Salaam, ambako hekalu lao la Kibuddha lipo. Kaskazini-magharibi, chini ya wafalme wa Kushan, wachongaji wa Gandhara walimpa Buddha sura ya mtu yenye mikunjo ya nguo ya Kigiriki, na wafanyabiashara wakaipeleka dini China. Zama za wafalme wa Gupta zilizaa chuo cha Nalanda, ambako baadaye, katika karne ya 7 B.K., mtawa Xuanzang wa China alikuja kusoma.

Ndani ya India yenyewe Ubuddha ulififia. Ulikuwa umehamia ndani ya nyumba kubwa za watawa zilizotegemea zawadi za wafalme na matajiri, huku ibada za vijijini, za ndoa na mazishi, zikibaki mikononi mwa Wabrahmana. Wafadhili walipohamia kwingine, na majeshi yalipoteketeza vyuo karibu mwaka 1200, hapakuwa na mizizi ya kutosha nje ya kuta. Hata mwandiko wa Ashoka ulisahaulika. Sultani Firuz Shah Tughlaq alipozihamishia Delhi nguzo mbili zake katika karne ya 14, hakupatikana mtu wa kuzisoma.

Aliyezisoma alikuwa James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu Calcutta. Mwaka 1837 alikuwa akitazama nakala za maandishi mafupi kutoka kwenye uzio wa mawe wa Sanchi, akagundua kwamba karibu yote yanaishia kwa herufi zilezile mbili. Akawaza: haya ni majina ya watu waliochangia ujenzi, na neno la mwisho lazima liwe danam, zawadi. Kutokana na herufi za neno hilo mwandiko mzima ukafunguka. Waliomfungulia Ashoka kinywa, basi, walikuwa wanawake, watawa na mafundi wa mjini waliotoa kila mmoja kipande cha jiwe na kutaka jina lake likumbukwe. Prinsep alifariki mwaka 1840, bado hajafika miaka 41.

Miaka 119 baada ya ugunduzi huo, tarehe 14 Oktoba 1956, mwanasheria B. R. Ambedkar, aliyeongoza kamati ya kuandika katiba ya India huru, alisimama uwanjani Nagpur akaapa kuifuata njia ya Buddha. Alikuwa amezaliwa katika tabaka ambalo Wahindu wengi waliona hata kuligusa ni unajisi, na miaka 21 nyuma alitangaza kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Alichagua sikukuu ambayo jadi inaihusisha na uongofu wa Ashoka. Baada ya yeye kuapa aliwageukia mamia ya maelfu ya watu wa tabaka lake waliokuwa mbele yake, wakaapa naye. Hawakuwa na majuto ya kuchonga; wao walikuwa upande wa wanaokanyagwa, na walichokitafuta kwa Buddha ni lile neno lake kwamba mtu hawi mtukufu wala duni kwa kuzaliwa, bali kwa matendo yake. Ambedkar alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huohuo. Katika sensa ya India ya mwaka 2011, Wabuddha walikuwa takriban milioni 8.4, na zaidi ya milioni 6.5 kati yao waliishi Maharashtra, jimbo ambamo Nagpur imo.